Daktari Aliyekataa Jibu la "Salama"

Marehemu Dkt. Perpetua Menezes Omollo
Kisumu, 9 Februari 1946 – Sydney, 14 Septemba 2021

Marehemu Daktari Perpetua alikuwa na sheria moja ya kazi, naye aliishika tangu siku alipovaa koti jeupe hadi siku alipolazwa yeye mwenyewe. Hakukubali neno "salama" kutoka kwa mtu ambaye yeye Daktari hajamsikiliza moyo. Ungemwambia u mzima, angekuitikia kwa adabu, angeuliza habari za watoto, kisha angetoa stetoskopu mkobani na kukwambia ufungue vifungo viwili vya shati. Alifanya hivyo hospitalini, na alifanya hivyo harusini. Mpo mnaofuata mazishi haya kwenye mtandao asubuhi hii ambao mlipimwa moyo mkiwa mmeshika sahani ya pilau.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tukiulizwa hali husema salama kwanza, hata kama nyumba inaungua nyuma yetu. Ni malezi mema. Marehemu aliyaheshimu malezi hayo mezani na kanisani, lakini penye ugonjwa aliyaita uongo, bila kulainisha neno. Wasifu huu utafuata mfano wake. Utasema mambo yalivyokuwa, likiwemo moja ambalo limesemwa vibaya katika simu zetu wiki hii.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 mjini Kisumu, mtoto wa tatu wa Bwana Caetano Menezes, fundi cherehani, na Bibi Ana Rita. Wazazi wake walikuwa Wahindi Wakatoliki kutoka Goa, na duka lao la ushonaji lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Nyumbani walisema Kikonkani, lugha ya Goa, dukani Kiswahili, na kwa jirani Kijaluo. Mwaka 1955 kaka yake Aleixo, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, kisha akawa anachoka kwa kupanda ngazi ya kanisa. Kila mgeni alipouliza, mama yao alijibu kwamba mtoto yu salama. Perpetua, msichana wa miaka tisa, alilala kitanda kimoja na kaka yake, sikio likiwa kifuani pake. Alimwambia mama, "Moyo wa Aleixo unavuma kama cherehani ya Baba." Akaambiwa anyamaze, asiite mkosi. Aleixo alizikwa kabla ya Pasaka. Sheria ya Daktari ilianzia kwenye kitanda kile.

Alisoma shule ya msingi ya Wagoa mjini Kisumu, kisha sekondari ya masista jijini Nairobi. Mwaka 1964 alikwenda kusomea udaktari Bombay, akafuzu 1969. Mjomba wake alimtafutia kazi nzuri kule kule na mchumba mwenye nyumba ya ghorofa. Alivikataa vyote viwili kwa barua moja. Mwaka 1970 alirudi Kisumu na kuanza kazi katika hospitali ya serikali, wodi ya watoto.

Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Zablon Omollo, aliyefundisha hesabu na ambaye siku hiyo alikuwa amembeba mgongoni mwanafunzi aliyezirai kiwanjani. Daktari alimsikiliza mwanafunzi, akamwandikia dawa, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Na wewe?"

"Mimi ni mzima, Daktari."

"Fungua shati."

Mwalimu amekuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakupata tena nafasi ya kufunga kile kifungo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974. Haikuwa harusi ya kushangiliwa. Upande wa Goa haukutokea hata mtu mmoja, isipokuwa dada yake Lourdes aliyekuja kwa siri. Upande wa Wajaluo ulikuja wote, lakini ulikuja kutazama. Mama mkwe aliandaa samaki mzima, akamwekea bibi harusi sehemu ya kichwa, akakaa mkabala naye.

"Mhindi anajua kula hiki?" aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

Daktari alikula kichwa chote, macho na mashavu, akapanga mifupa pembeni mwa sahani ikiwa mikavu kama njiti za kiberiti. Watu wa Goa wamekula samaki tangu dunia iumbwe. Mama mkwe aliitazama ile mifupa, akawageukia wanawake wenzake. "Huyu ni wetu," alisema. "Alipotea tu wakati wa kuzaliwa." Kuanzia hapo ukoo ulimwita Nyar Goa, binti wa Goa, ingawa Goa alikuwa ameiona mara mbili tu.

Ndoa hiyo ilibarikiwa watoto wawili, Ronnie na Aketch. Walilelewa kwa ukali na kwa haki. Hakuna aliyekosa shule kwa sababu ya mafua ya kujifanya. Mama yao alikuwa na njia ya kujua.

Mwaka 1977 familia ilihamia Uingereza, ambako marehemu alisomea utaalamu wa moyo, na mwaka 1987 ikaja Sydney. Hapa aliambiwa karatasi zake hazitoshi na kwamba lazima arudie mitihani kama mwanafunzi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Wapo wenye shahada waliokataa mitihani ya namna hiyo kwa sababu ya hadhi, nao wamekaa na hadhi yao sebuleni. Yeye alisoma juu ya meza ya jikoni katika mtaa wetu huu wa Guildford, akafaulu, na mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza, na Mhindi wa kwanza, kuongoza idara ya moyo katika hospitali aliyofanyia kazi magharibi mwa jiji hili.

Kazi iliyompa jina, hata hivyo, hakupewa na hospitali. Watu wetu walipoanza kufika kutoka kambi za wakimbizi, wa Kongo, wa Burundi, wa Sudan, aliona watoto wao wakihema kama Aleixo. Koo linauma, linaachwa, na miaka michache baadaye vali za moyo zimeharibika. Alipopeleka habari hiyo mkutanoni, wenzake walimwambia ugonjwa huo uko mbali kaskazini, kwa Wenyeji wa asili wa nchi hii, si mjini. Aliwauliza kama wamesikiliza. Hawakuwa wamesikiliza. Basi aliazima mashine ndogo ya kupiga picha ya moyo, akaipakia kwenye gari la Mwalimu, akazunguka kumbi za makanisa ya mitaa yetu, kuanzia Guildford mpaka Liverpool, kila Jumamosi. Aliwapata watoto wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, wakicheza mpira nje ya ukumbi, wazazi wao wakisema wako salama. Leo hospitali zaidi ya moja katika jiji hili zinawapima watoto wanaofika kutoka kambini kwa utaratibu alioubuni yeye. Haya ni matunda yake, na tunayataja kwa fahari bila kuona haya.

Dawa ya kuulinda moyo kama huo ni sindano ya penisilini, moja kila wiki nne, kwa miaka mingi. Inauma. Inauma hata ukiwa mtu mzima. Na mtoto akishaanza kukimbia tena, wazazi huona haina kazi.

Mwaka 2014, katika kanisa moja la Wakongo huko Guildford, Mchungaji Symphorien alimsimamisha mbele binti wa miaka saba aitwaye Divine, aliyekuwa amefika nchini na mama yake, Chibalonza, na kaka yake, Aksanti, kutoka Bukavu kupitia kambi ya Uganda. Mchungaji alitangaza kwamba Divine amepona na sindano zimekwisha. Kanisa lilipiga vigelegele. Daktari alikuwa ameketi safu ya nyuma na mkoba wake. Alisubiri ibada iishe, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akaenda mbele.

"Mchungaji, umesema amepona. Umesikiliza?"

"Mama Dokta, Mungu alishamuponyesha. Angalia vile iko anaruka."

"Naona miguu. Nimeuliza moyo." Akamvisha Mchungaji stetoskopu masikioni, akaiweka kifuani pa mtoto. "Sasa wewe ndiye daktari. Unasikia nini?"

Mchungaji alifumba macho kama mtu anayesali.

"Niko nasikia moyo... na kitu ingine. Kama maji inapita mulango yenye haifungike."

"Mlango huo ukiachwa, hautakuja kufungwa na mtu. Haya, waambie watu wako."

Mchungaji Symphorien ni mtu mkweli, na siku ile alionyesha. Alirudi mimbarini na kusema kwamba Mungu anaponya, na kwamba mwaka huu ameamua kuponya kwa sindano. Watu walicheka mpaka wakalia. Kuanzia hapo sindano zilidungwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, kila Jumapili ya nne, mara baada ya ibada. Marehemu alistaafu hospitalini mwaka 2016, lakini hakustaafu chumba kile. Divine alikua hapo. Alikuwa akimwambia Daktari kwa Kiingereza kwamba anamchukia, kisha anambusu shavuni na kuchukua peremende yake.

Ndipo ikaja korona. Mwezi Juni 2021 jiji lilifungwa, na sehemu zetu, Guildford, Bankstown na Liverpool, zikafungwa kwa ukali kuliko nyingine. Makanisa yalifungwa. Polisi na wanajeshi waligonga milango kuhakikisha wagonjwa wamekaa ndani, na kwa watu waliokimbia wanajeshi, mlango kugongwa namna hiyo ni jambo zito. Madaktari wa umri wake walishauriwa kutibu kwa simu. Alikuwa amechanjwa mara mbili, lakini alikuwa na miaka sabini na tano.

Tunajua alichojibu, kwa sababu familia yote ilikuwepo kwenye simu ya video. Aketch, ambaye ni muuguzi, alimwambia, "Mum, watu wanakufa wodini kwangu. Si hadithi. Utume nesi."

"Manesi wote mmewapeleka kwenye korona. Nani amebaki?"

"Basi uwapigie simu."

"Simu itaniletea sauti ya mama. Mama atasema salama."

Mwalimu alijaribu kwa njia yake. "Perpetua, wewe si kijana."

"Zablon, umefundisha hesabu miaka arobaini. Nipe jibu. Watoto wakikosa sindano majira yote ya baridi, wakati makoo yanauma, wangapi watarudi kwangu na wangapi watarudi kwa mzikaji?"

Mwalimu akauliza gari lina mafuta kiasi gani. Macho ya Daktari yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo Mwalimu ndiye aliyeendesha. Daktari alipata kibali cha kazi, kwa maana hakuvunja sheria ya nchi hata siku moja, na hilo liandikwe. Alijiwekea utaratibu wa kutoingia ndani. Watoto walitoka barazani, yeye akiwa amevaa barakoa, miwani na gauni la plastiki, akawasikiliza, akawadunga, akaondoka. Majirani walidhani ni mtu wa kupuliza dawa ya wadudu.

Sasa tunafika pale ambapo maneno yamekuwa mengi.

Chibalonza, mama yake Divine, anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Bankstown. Aliogopa kwamba ataileta korona kutoka kazini na kumpa Daktari, mtu aliyemwita mama. Kwa hiyo tangu Juni, kila alipopigiwa simu, alijibu kwamba Divine yuko salama na kwamba sindano anapata zahanati ya jirani. Haikuwa kweli. Zahanati ilikuwa imeacha kupokea watu. Alimficha mzee habari mbaya ili amlinde, kama wengi wetu tulivyofundishwa kufanya, na kama wengi wetu tunavyofanya hadi leo kila tunapopiga simu nyumbani. Lilikuwa kosa. Lilitokana na upendo, na bado lilikuwa kosa.

Ijumaa tarehe 20 Agosti Daktari alimwambia Mwalimu ageuze gari. "Divine sijamsikia tangu Juni," alisema. "Nimesikia salama tu." Walifika kwa Chibalonza bila taarifa. Mwalimu alibaki garini, dirisha likiwa wazi, hatua chache kutoka barazani, na haya ni maneno aliyoyasikia kwa masikio yake. Anayathibitisha akiwa hapa mbele ya jeneza.

Chibalonza alifungua mlango kidogo. "Mama Dokta, usiingie. Nakuomba. Aksanti iko anakohoa tangu jana. Tulipima, majibu haiyafika. Usiingie."

"Divine atoke, basi."

Chibalonza akaanza kulia. "Haweze kutoka. Analala akikaa. Miguu imevimba. Mama, nilikudanganya."

"Hilo tutalizungumza mimi na wewe akishapona. Sogea."

"Aksanti iko anakohoa!"

"Nimesikia, mwanangu. Umeniambia. Sasa sogea."

Akaingia. Mwalimu aliita jina lake mara moja, naye hakugeuka. Alimsikiliza Divine kwa dakika nzima, akaita gari la wagonjwa, akakaa naye kitandani akimshikilia wima ili apumue mpaka lilipofika. Alitoka amelowa jasho, akamwambia Mwalimu, "Ningepiga simu leo, tungezika kesho kutwa." Wataalamu hospitalini walisema vivyo hivyo. Tarehe 7 Septemba Divine aliwekewa vali mpya. Inafunga vizuri. Wakati huu anatufuata kutoka kitanda cha hospitali, ana miaka kumi na minne, na ametuma ujumbe kwamba hasemi yuko salama, anasema waje wasikilize.

Majibu ya nyumba ile yalitoka siku iliyofuata. Chibalonza na Aksanti walikuwa na korona. Baada ya siku chache Daktari naye alianza kukohoa.

Katika makundi yetu ya WhatsApp imeandikwa kwamba mama yule alificha ugonjwa akamuua Daktari. Imeandikwa na watu wanaojiita Wakristo, na imesambazwa na watu ambao watoto wao walidungwa na mikono ya marehemu. Familia inasema hivi, na haitarudia. Chibalonza alisema uongo kuhusu moyo wa mtoto wake, na amelimwagia jambo hilo machozi ya kutosha. Kuhusu korona alisema kweli, mlangoni, mara mbili, kwa sauti. Daktari alisikia, akaelewa kuliko mtu yeyote mtaani, akaingia kwa miguu yake. Anayemnyang'anya uamuzi huo anamnyang'anya kitu kikubwa kuliko vyote alivyofanya. Futeni ujumbe huo.

Sheria inaruhusu watu kumi tu kaburini. Tulikuwa na ndugu wa kutosha kuzijaza nafasi zote na kubaki na manung'uniko. Mwalimu alitoa nafasi ya kumi kwa Chibalonza. Amesimama upande wa kulia wa jeneza. Aliye na neno la kumwambia amtazame kwanza Mwalimu aliyemshika mkono.

Marehemu alilazwa tarehe 29 Agosti. Wageni hawakuruhusiwa. Mwalimu, ambaye kwa rehema hakuambukizwa, aliongea naye kwa simu kila jioni, na kila jioni aliuliza habari za Divine kabla ya jambo lingine. Tarehe 7 aliambiwa upasuaji umefaulu. Nesi aliyekuwa zamu alituambia kwamba mama huyu mdogo, mwenye mrija wa oksijeni puani, aliinua ngumi juu kama mtu aliyefunga bao.

Jioni ya tarehe 13 Mwalimu alimuuliza, "Nyar Goa, hali?"

Daktari akajibu, "Salama, Zablon."

Lilikuwa jibu ambalo yeye mwenyewe asingelipokea kutoka kwa mtu yeyote, na hapakuwa na mtu wa kuweka sikio kifuani pake. Mwalimu alijua. Alikaa na simu mkononi mpaka ilipojizima. Daktari Perpetua alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Septemba 2021.

Ameacha mume, Mwalimu Zablon Omollo, mwana, Ronnie, wa Liverpool, binti, Aketch, na mkwe, Kariuki, wa Bankstown, wajukuu watatu, dada yake Lourdes, aliyeko Goa, ambaye mipaka iliyofungwa imemzuia kuja mazishini, yeye ambaye harusini alikuja hata kwa siri, Owuor, mwana wa shemeji yake, anayeusoma wasifu huu, na ukoo mzima wa Omollo, ambao ulimpa kichwa cha samaki na haukujuta. Ameacha pia watoto wa chumba cha nyuma cha kanisa. Wote walidungwa kwa wakati tangu Juni, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja anapumua.

Mungu ampumzishe katika amani isiyohitaji kupimwa.

Aliishika sheria yake mpaka mwisho. Ilimwokoa Divine. Ilimgharimu yeye uhai wake, na ilimgharimu Mwalimu mke wa miaka arobaini na sita, ambaye leo anarudi Guildford peke yake, na kiti cha pembeni cha gari kiko wazi.